Kongosho ya Shemasi Byamungu

Siku yangu ya mwisho kazini wenzangu walinikatia keki ya krimu, matabaka matatu ya krimu, katikati ya wodi ambayo wagonjwa wake wengi wangerudi kwenye dripu kwa kulamba kijiko kimoja. Waliipitisha mbele ya vitanda vyote wakiimba. Hiyo ndiyo taaluma yetu: inajua kila kitu kuhusu kongosho, isipokuwa kwamba ina mwenyewe.

Baadaye msimamizi mpya aliniomba niandike machache kwa ajili ya wauguzi vijana wanaotoka kwetu, Wakenya, Wakongo na Warundi, ambao sasa wamejaa katika hospitali za magharibi mwa Sydney. Nadhani alitarajia maneno ya kutia moyo. Nina miaka hamsini na minne. Sikustaafishwa na uzee. Nimestaafishwa na mgongo, ambao uliamua kuacha kazi kabla yangu, kwa hiyo sina ule upole unaosemekana kuja na mvi. Vyeo nilivyopewa havitawasaidia. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na zaidi habari za mgonjwa mmoja niliyemkosea.

Nilikuja nchi hii na shahada ya falsafa kutoka Nairobi. Mtu wa kwanza niliyemwonyesha, katika ofisi moja ya ajira pale Parramatta, aliigeuza upande wa pili kuona kama kuna kitu zaidi. Hakikuwapo. Nikasomea uuguzi, nikahamia Penrith ambako nyumba zina ua na treni ina subira kuliko abiria wake, na asubuhi moja nikajikuta katika wodi ya magonjwa ya tumbo, nikikabidhiwa kwa Noreen. Huyu alikuwa muuguzi mzungu mwenye nywele fupi na magoti mabovu, aliyekaa katika wodi ile muda mrefu kuliko mapazia yake.

"Ulisoma nini kabla ya hiki?" aliniuliza.

"Falsafa."

"Vizuri. Basi umezoea kutoelewa."

Noreen hakuniruhusu kufungua faili kabla ya kumtazama mgonjwa. Alinitembeza kitanda hadi kitanda akinifundisha kusoma maumbo. Mwenye kongosho halali chali, alisema. Atakaa ameinama mbele, mto tumboni, magoti juu, na hatapiga kelele, kwa sababu kupiga kelele kunahitaji kuvuta pumzi. Vyombo vya kazi yetu vilikuwa vichache na havina fahari: mto wa ziada, kijiti chenye sifongo cha kulowesha kinywa cha mtu aliyekatazwa kula na kunywa, karatasi ya kuandikia maji yanayoingia mwilini na yanayotoka, na ile ngazi ya maumivu kutoka sifuri hadi kumi, ambayo naamini ilibuniwa na mtu asiyewahi kuumwa.

"Atakayekwambia tisa huku anachezea simu, mwamini," Noreen alisema. "Simu ndiyo inayomzuia asikung'ate."

Kwa wale mtakaofika wodini mkiwa mmesahau masomo yenu: kongosho ni tezi inayojificha nyuma ya tumbo na kutoa maji ya kusagia chakula. Njia ya maji hayo ikizibwa, au tezi ikichokozwa, huanza kujisaga yenyewe. Nimewasikia akina mama wa watoto watano wakisema kwamba wangezaa watano wengine kuliko kurudia wiki moja ya maumivu hayo. Sababu zake kubwa ni mbili, mawe ya nyongo na pombe. Vitabu huziweka bega kwa bega. Wodi yetu iliziweka kwenye foleni, pombe mbele, na mawe yakibahatika. Mgonjwa aliyesema hanywi, hatukuandika kwamba hanywi. Tuliandika kwamba anakana, kama mwizi wa kuku mbele ya hakimu. Niliandika hivyo miaka mingi bila kuona haya, tena kwa mwandiko mzuri.

Kisha akaletwa Byamungu.

Alitoka katika ghala moja la Granville alikokuwa akipanga maboksi. Alianguka kati ya rafu mbili, na msimamizi wake akampigia simu mke wa Byamungu kabla ya kupigia ambulensi. Alikuwa Mkongo wa Kivu, mtu wa makamo, shemasi katika kanisa dogo la watu wa kwao. Alikuwa amefika Sydney baada ya miaka mingi kambini, pamoja na mkewe, Mama Furaha, na binti yao, ambaye alikuwa ameolewa mwezi uleule. Nilimkuta ameinama juu ya mto, kimya, shati la kazi limemganda mgongoni. Nilipomlowesha midomo kwa sifongo alisema, "Asante, mama. Hii maji iko tamu kushinda soda." Niliwahi kuhudumia watu waliolalamikia joto la supu. Nilimpenda mara moja, jambo ambalo halikumsaidia kitu.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, kanisa likaingia. Kwetu mgonjwa hatembelewi, huzingirwa. Mchungaji alitangulia, akifuatwa na wanawake wawili waliobeba masufuria yaliyofungwa kwa vitenge: sombe, yaani kisamvu, iliyoiva kwa mawese, mbuzi wa kukaanga, wali. Juu ya kitanda palikuwa na kibao kilichosema mgonjwa asipewe chochote kwa kinywa. Kibao hicho kilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo masufuria hayaisomi.

"Dada, hata kijiko?" mmoja wao aliniuliza.

"Hata kijiko."

"Mutu atapona bila kula?"

"Huyu, ndiyo."

Akamgeukia mwenzake kwa huruma ya kweli. "Wanaua mutu na njaa, halafu wanaiita dawa."

Katikati ya mazungumzo hayo akaingia daktari kijana wa zamu, mwenye haraka ya kudumu. Hospitali ina wakalimani wa simu, na kanuni inasema wapigiwe. Kupiga simu huchukua dakika kumi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, bure.

"Wewe unazungumza lugha yake," aliniambia. "Muulize anakunywa pombe kiasi gani."

Angalieni swali lenyewe. Hakuuliza kama anakunywa. Na angalieni waliosimama kando ya kitanda: mkewe, mchungaji wake, wanawake wa kanisa, na mkwe wake, yule kijana aliyemwoa binti mwezi uleule, ambaye hata kukaa alikuwa hajathubutu mbele ya baba mkwe. Mimi nimelelewa Taita. Hakuna aliyehitaji kunifundisha kwamba mtu mzima haulizwi habari za ulevi mbele ya mkwewe, na kwamba akiulizwa, heshima yake yote imebaki katika kutojibu. Daktari hakuwa na njia ya kulijua hilo. Mimi nililijua tangu utoto. Nilipaswa kuwatoa watu wote nje, kuvuta pazia, kukaa, na kuomba radhi kabla ya kuuliza. Lakini nilitaka daktari aone kwamba nina faida.

"Mzee," nikasema, kwa sauti ya kusikika, "daktari anauliza unakunywa pombe kiasi gani kwa wiki."

Mkwe akatazama sakafu. Mmoja wa wale wanawake akaanza kufunga upya sufuria ambalo halikuwa limefunguka. Byamungu alinitazama, kisha akageuza uso kuelekea dirishani.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Hajibu."

"Hilo ni jibu," akasema, akaenda zake.

Nami nikaandika kwenye faili: aliulizwa kuhusu pombe kwa lugha yake mwenyewe, akakataa kujibu. Maneno hayo, "kwa lugha yake mwenyewe," niliyaongeza kwa fahari. Ndiyo yaliyomwangamiza. Hakuna daktari ambaye angetilia shaka jambo lililothibitishwa na Mswahili.

Mchungaji alinifuata ukumbini. "Dada, sisi ni familia yake. Kuna jambo tunapaswa kulijua? Meza ya Bwana si mchezo."

"Mchungaji, habari za mgonjwa siruhusiwi kuzitoa."

Akatikisa kichwa polepole. "Nimekuelewa, dada."

Hakuwa ameelewa chochote. Ningemjibu vilevile kama Byamungu angekuwa mlevi wa kupindukia, na vilevile kama asingewahi kunusa chupa. Lakini mtu aliyekuja kutafuta "ndiyo" huiokota hata ndani ya kanuni za faragha. Kabla mwezi haujaisha, Byamungu alikuwa ameondolewa katika huduma ya meza. Hakuitwa kuulizwa. Alisomewa hukumu.

Sasa niwaeleze kuhusu kipimo. Katika kulazwa kule kwa kwanza alipigwa altrasaundi, lakini tumbo lilikuwa limejaa gesi na mfuko wa nyongo haukuonekana vizuri. Ripoti ilipendekeza kipimo kirudiwe uvimbe ukipungua. Hakikurudiwa. Kwa nini mtu ahangaike kutafuta sababu ambayo muuguzi amekwisha kuiandika? Aliporudi mara ya pili, daktari mwingine alinakili sentensi yangu. Mara ya tatu, mwingine akaifupisha: kongosho ya pombe. Nimesoma falsafa ya maarifa kwa miaka minne na sijaona popote hoja iliyojengwa kwa matofali machache hivyo.

Kati ya kulazwa mara moja na nyingine, mtu huyu aliishi. Nyinyi mtakaowaona wagonjwa hawa kitandani tu, jueni kwamba kitandani ndiko kwenye nafuu. Nyumbani Byamungu alianza kuogopa sahani. Alipungua hadi mkanda wake ukahitaji tundu la msumari. Ngozi ya tumbo ilipata mabaka meusi kwa kukandwa na chupa ya maji moto. Choo chake kilielea, kilinuka mafuta, na hakikuondoka kwa maji ya mara moja. Akaacha kutumia choo cha ghalani kwa aibu. Kazini waliambiana haonekani mgonjwa. Kanisani waliona anakonda na wakajua sababu, maana walevi hukonda. Mama Furaha, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee asubuhi na kumtunza mumewe jioni, aliacha kupika kwa mawese, akapika kwa maji, na akala chakula hicho hicho ili mumewe asile peke yake. Tabibu mmoja alimpa karatasi ya ushauri kuhusu kuacha pombe. Ilikuwa na picha ya familia inayotabasamu ufukweni.

Mara ya nne nilimkuta Mama Furaha karibu na lifti, ameketi na mfuko wa nguo miguuni.

"Mama Furaha, safari hii ilianzaje?"

"Kama siku zote. Tulifungua maombi."

Sikuelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto mzito wa kuelewa. Kanisa lao lilikuwa na desturi ya kufunga na kuomba, siku tatu kwa maji tu, wakati mwingine zaidi. Kisha watu wote hufungua pamoja, na ni aibu kula kidogo siku hiyo, kwa kuwa ni kama kusema Mungu hakujibu. Mumewe hakula ovyo nyumbani. Siku ya kufungua, alipakuliwa.

"Kila tukifungua, hii tumbo inamukamata. Kila mara, Sista. Ile ya ghala pia, tulifungua jana yake."

"Uliwahi kuwaambia madaktari?"

"Nani aliniuliza?"

Hakusema kwa hasira. Nilitamani awe na hasira.

Niliingia kwa Byamungu, nikavuta pazia, nikakaa chini kuliko yeye. "Papa Byamungu," nikasema, "siku ile nilikuuliza vibaya, mbele ya mkweo. Nakuomba radhi. Ukikubali, nitauliza tena."

"Uliza."

"Unakunywa pombe?"

"Baba yangu alikufwa na kasiksi," akasema, akitaja pombe ya ndizi ya kwao. "Tulimutoa kwenye mufereji mimi na mama. Tangu niko mutoto, hata kuonja, hapana." Kisha akanitazama sawasawa. "Na wewe, mama, siku ile uliamini nini?"

"Niliamini nilichoandika."

"Aa," akasema. "Basi ulikuwa na pahali pa kuandika. Miye nilikuwa na dirisha tu."

Nilimpelekea Noreen habari hizi chumbani kwa chai. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na magoti yake yalikuwa yamebakiza siku. Nilitumaini ataniambia kwamba mtu yeyote angekosea.

"Nani aliandika?" akauliza.

"Mimi."

"Basi usisimame hapa."

Kilichoandikwa kwenye faili hakifutwi, huongezewa. Nikaongeza, kwa jina langu na cheo changu, kwamba maelezo yangu ya awali yalipatikana bila mkalimani na mbele ya watu ambao mgonjwa asingeweza kujibu mbele yao. Kwamba hanywi pombe. Kwamba mashambulizi yote manne yalifuata mfungo mrefu uliomalizwa kwa mlo mzito. Na kwamba kipimo kilichopendekezwa hakikuwahi kurudiwa. Daktari wa zamu alisoma akiwa amesimama. Alikuwa mwingine, lakini haraka ilikuwa ileile.

"Wote husema hawanywi," alisema.

"Na wasiokunywa husemaje?"

Hakunijibu. Sikuandika kwamba alikataa kujibu, ingawa kalamu ilikuwa mkononi. Alisaini ombi la kipimo, nadhani ili niondoke.

Mawe yalikuwepo, madogo kama mchanga wa mtoni, mfuko mzima. Daktari bingwa alieleza kwa furaha, kama aliyegundua yeye, kwamba kukaa siku kadhaa bila kula huifanya nyongo ilale na kuwa nzito, na mlo wa mafuta ukija kwa ghafla mfuko hujibana na kusukuma mawe njiani. Mfuko ukatolewa kwa matundu manne. Hakuna aliyemwomba Byamungu radhi. Katika faili, kongosho ya pombe ikawa kongosho ya mawe ya nyongo, kama kubadilisha namba ya kitanda.

Msidhani alipona. Kongosho iliyojisaga mara nne hairudi. Anameza vidonge vya vimeng'enya kwa kila mlo, maisha yake yote, na akivisahau choo humkumbusha. Sukari yake inapimwa. Kuna siku anainama juu ya mto bila sababu ambayo kipimo chochote kinaiona. Lakini hajalazwa tena, na mkanda umerudi tundu moja.

Wiki mbili baada ya ile keki, nikiwa sina tena kanuni ya kunizuia kunywa chai kwa mgonjwa wangu, Mama Furaha alinialika Granville Jumamosi mchana. Nilimkuta mchungaji amekaa kwenye kiti kizuri, sahani iko mapajani. Alikuwa amesikia habari za upasuaji. Alikuwa amekuja, alisema, kuona jinsi ya kumrudishia shemasi huduma yake. Kanisa lilihitaji tu karatasi ya hospitali inayoonyesha sababu.

"Karatasi iko," Mama Furaha alisema, akaanza kuinuka.

"Kaa," Byamungu alimwambia. Kisha kwa mchungaji, kwa sauti ya chini: "Mulinitoa bila karatasi. Munirudishe bila karatasi."

Mchungaji alitabasamu kama mtu anayevumilia. Akanigeukia mimi. "Dada, wewe ni wa kazi ile. Tusaidie. Ilikuwa pombe au haikuwa?"

Ningeweza kumjibu. Byamungu angeniruhusu, na kila mtu angekula akamaliza. Lakini niliona jambo lilikuwa linaelekea wapi: kwa mara nyingine mtu huyu angeamuliwa na maneno yangu akiwa amekaa hapohapo.

"Mchungaji," nikasema, "mwenyewe huyo. Muulize."

Alimtazama Mama Furaha, akanitazama mimi, akatazama sahani. Nilingoja. Nimengojea mikojo ya watu kwa miaka ishirini. Mchungaji hakuweza kunishinda kwa kungoja. Hatimaye akageuza kiti kidogo.

"Shemasi," akasema. "Unakunywa?"

"Hapana."

"Hujawahi?"

"Sijawahi."

"Basi," mchungaji akasema. "Basi, Bwana asifiwe. Jumapili utahudumu."

Miaka minne tangu aondolewe mezani, na swali na jibu lake vilichukua muda mfupi kuliko kuhesabu mapigo ya moyo. Byamungu aliinamisha kichwa. Mchungaji, aliyefurahi kwamba jambo limekwisha bila ugomvi, alipangusa mchuzi wa mwisho kwa ugali na kuinua sahani kidogo, kama afanyavyo mgeni anayejua ataongezwa.

Mama Furaha aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaenda nayo jikoni, tukasikia maji yakifunguliwa, na ikaoshwa, na ikawekwa kabatini.